Onyo limeandikwa kwenye pakiti, sisi tunanunua moja moja

Maduka mengi ya rejareja hapa Ilomba yana pakiti ya sigara iliyofunguliwa. Huioni kirahisi. Iko chini ya kaunta au nyuma ya nondo za dirisha, karibu na sabuni za vipande, imechanwa juu ili vidole vya muuzaji vichomoe haraka. Kando ya dirisha huning'inia kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba, kisije kikaondoka na mteja. Kijana wa bajaji husimama bila kuzima injini, husema "Mangi, nipe moja," hutoa sarafu, huwasha palepale, huyo anaondoka. (Mangi mwenyewe, kwa hapa Mbeya, mara nyingi ni Mkinga kutoka Makete, lakini jina la Uchaggani limeshamkaa na yeye halibishi.) Biashara nzima haimalizi nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo mnunuzi hajaigusa pakiti wala kuiona.

Naanza na dirisha hilo kwa sababu mengi tuliyofanya kama taifa kupunguza uvutaji tumeyaelekeza kwenye pakiti. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 ilitaka pakiti ibebe onyo la afya. Ilikataza pia kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na ikaweka mipaka ya mahali pa kuvutia. Aprili 2007 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku wa Shirika la Afya Duniani, WHO. Kanuni zikaja 2014. Tangu hapo wanaharakati, Jukwaa la Kudhibiti Tumbaku Tanzania (TTCF) likiwa mbele, wamekuwa wakidai sheria mpya yenye meno, na moja ya madai hayo ni picha za madhara badala ya maneno matupu. Wana haki. Wakenya waliweka picha mwaka 2016, na kampuni ya sigara ya BAT ilipozipinga kanuni zao za tumbaku, kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu na kufia huko Novemba 2019. Waganda walikuwa wameshaishinda BAT mahakamani Mei mwaka huohuo.

Lakini hiyo picha, ikija kwetu, ataiona nani? Mangi.

Mvutaji wa Ilomba, wa Mwanjelwa, wa Mafinga au wa pale Ipogolo penye malori hukutana na sigara ikiwa imeshavuliwa kila kitu: haina onyo, haina tarehe, haina stempu ya kodi. Imebaki karatasi, tumbaku na kichungi. Na hukutana nayo kwa bei ambayo haimlazimu mtu yeyote kufikiri mara mbili. Anayetaka kununua pakiti nzima inambidi aamue. Fedha hiyo ni mchele wa siku au nauli za siku mbili. Anayetaka moja hana cha kuamua. Ni chenji tu. Mtoto wa darasa la saba anayetumwa chumvi anarudi na chenji ya kutosha sigara, na Mangi akimuuliza "ya nani?" jibu analo: "Ya baba." Mara nyingi ni kweli ni ya baba, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Mkataba ule tulioridhia haukulisahau dirisha la duka. Ibara yake ya 16 inazitaka nchi zijitahidi kukataza sigara zisiuzwe moja moja au katika pakiti ndogondogo, kwa sababu ndivyo zinavyowawia watoto rahisi kununua. Sheria ya Kenya ya 2007 inataka pakiti isiwe na sigara pungufu ya kumi. Sheria ya Uganda ya 2015 imekataza kuuza rejareja ya moja moja, na imepandisha umri wa kununua hadi miaka 21. Sitaki kumdanganya msomaji: ukisimama kwenye kibanda cha Kampala au Nairobi jioni hii, moja utapewa. Sheria haijafunga madirisha yale. Tofauti ni kwamba mwenzetu wa kule akitaka kumbana muuzaji aliye mbele ya shule ana pa kumshikia.

Wavutaji wa moja moja wana utetezi wao, na nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuuimba. "Mimi sivuti kama fulani. Mimi moja asubuhi, moja baada ya chakula." Unaingia akilini. Kama pakiti nzima ni sumu, basi sigara moja ni sehemu ya ishirini ya sumu hiyo, na nani anakufa kwa sehemu ya ishirini? Kwa saratani ya mapafu hesabu hiyo haiko mbali sana na ukweli, maana hatari hupanda kadiri miaka na idadi ya sigara inavyopanda. Kwa moyo na kiharusi hesabu inavunjika kabisa. Mwaka 2018 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Allan Hackshaw na wenzake wa University College London waliokusanya matokeo ya tafiti 141. Waliona kwamba mtu anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo na kiharusi anayobeba mvutaji wa ishirini. Kati ya wanaume, hiyo moja ilipandisha hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 48 wakilinganishwa na wasiovuta kabisa. Kati ya wanawake ilikuwa asilimia 57.

Sababu yake haina fumbo. Moshi kidogo tu unatosha kuifanya damu iwe nyepesi kuganda na kuukera utando wa ndani wa mishipa. Hewa ya kaboni monoksaidi hukaa kwenye chembe nyekundu mahali pa oksijeni, na nikotini huufanya moyo upige mbio wakati chakula chake kimepunguzwa. Mwili haungoji pakiti iishe ndipo uanze kuumia.

Kuna na ule utetezi wa kwetu hasa, wa nyanda za juu: baridi. Juni na Julai, ukungu ukiwa umeshuka kutoka Loleza na upepo wa asubuhi ukikata masikio, utamwona dereva anapuliza moshi kwenye viganja na kuapa kwamba sigara inatia joto. Moto wa ncha unaonekana, moshi ni wa uvuguvugu, roho inatulia. Lakini nikotini hubana mishipa midogo ya ngozi, damu inayofika vidoleni inapungua, na vidole vinazidi kupoa. Anayevuta ili apate joto Mbeya anajipunguzia joto mwenyewe. Mtungi wa chai ya tangawizi wa mama wa kijiweni ungemfaa zaidi, na bei hazipishani sana.

Mishipa hiyohiyo inayobanwa ndiyo inayofanya kazi mahali pengine ambapo wanaume huongea kwa sauti ya chini. Tembea barabara yetu kuu uhesabu vibao na vipeperushi vya dawa za nguvu za kiume, vya mizizi na vya unga. Biashara kubwa. Sijawahi kuona hata kibao kimoja kinachomwambia mteja kwamba uvutaji ni miongoni mwa sababu zinazojulikana vizuri za tatizo lake, kwa sababu moshi huharibu mishipa myembamba kwanza. Kama ningekuwa mtu wa elimu ya afya wa jiji, kampeni yangu ingeanzia hapo, kabla hata ya kutaja saratani. Kijana wa miaka 22 haogopi saratani ya miaka 55.

Halafu kuna kifua kikuu. WHO inakadiria kwamba mvutaji ana hatari ya kuugua TB mara mbili au zaidi ya asiyevuta. Uzito wa jambo hilo unauona ukivuka safu ya milima na kushuka Chunya, kwenye mashimo ya dhahabu ya Makongolosi na Lupa. Kule mchimbaji anavuta vumbi la mawe mchana, na vumbi hilo peke yake linatosha kuyaandaa mapafu kwa TB. Jioni anaongeza moshi. Kisha anarudi mjini kwenye chumba cha kupanga chenye watu wanne na dirisha moja lililozibwa kwa ajili ya baridi.

Chunya. Huwezi kuandika juu ya sigara kutoka Mbeya ukaikwepa Chunya, kwa sababu kule sigara ni jani, ni ada ya shule, ni bati la nyumba. Wilaya ile inalima tumbaku ya mvuke, kama Tabora, kama Katavi. Iringa nayo ilikuwa na mashamba yake ya walowezi wa Kigiriki zama za ukoloni. Mkulima huanza na kitalu, huhamisha miche mvua zikikolea, kisha huvuna jani kwa jani, hufunga kwenye fito na kupanga ndani ya bani, ambako moto haulali usiku wala mchana mpaka jani liwe la njano. Moto huo unakula miombo. Anayevuna jani lenye umande hunywa nikotini kwa ngozi yake, akashikwa na kizunguzungu na kutapika, ugonjwa wa shambani ambao haumngoji mtu awe mvutaji. Mwisho wa msimu kuna kupanga madaraja, na bei ya daraja haitajwi na mkulima.

Serikali yetu inaipenda tumbaku ya kuuza nje, na naielewa. Ni moja ya mazao yanayotuletea fedha nyingi za kigeni, na Waziri wa Kilimo anayesimama bungeni kutangaza kwamba tani zimeongezeka hupigiwa makofi. Waziri wa Afya wa nchi hiyohiyo huadhimisha Mei 31, siku ya kutotumia tumbaku duniani. Wote wawili wanasema kweli katika siku zao. Tatizo linaanza pale mapenzi ya zao yanapoingia kwenye sera ya sigara inayovutwa hapa nyumbani. Muundo wetu wa ushuru wa bidhaa kwa miaka mingi umezitoza kidogo sigara zenye tumbaku ya ndani inayozidi asilimia 75, na kuzitoza zaidi zile zenye tumbaku nyingi ya kigeni. Kama sera ya viwanda, ina mantiki. Kama sera ya afya, ni sawa na kudhani kwamba pafu la Mtanzania linamsamehe mkulima wa Chunya kwa kuwa ni ndugu. Na tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania inauzwa nje. Kupunguza uvutaji wa Ilomba hakumfukuzi mkulima shambani.

Wala faida yote ya sigara haibaki hapa. Kiwanda cha Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kilianza 1961, kikapita mikononi mwa serikali baada ya Azimio la Arusha, kikauzwa kwa R.J. Reynolds mwaka 1995, na kuanzia 1999 kimekuwa chini ya Japan Tobacco, yenye robo tatu ya hisa za Kampuni ya Sigara Tanzania. Serikali ya Japani nayo inashikilia theluthi moja ya Japan Tobacco. Sarafu ya kijana wa bajaji, baada ya Mangi kuchukua chake na Mamlaka ya Mapato (TRA) kuchukua chake, ina safari ndefu kuliko yeye mwenyewe aliyowahi kusafiri.

Turudi kwenye sarafu hiyo, maana hapo ndipo nadhani sera yetu inakosea hesabu. Ushuru wa sigara hutozwa kwa kila sigara elfu moja. Bungeni Dodoma, mwezi Juni, hutangazwa nyongeza ya asilimia kadhaa, na kwenye makaratasi ni nyongeza kweli. Ikigawanywa kwa elfu inakuwa shilingi chache kwa sigara. Sasa Mangi afanye nini na shilingi chache? Mteja wake analipa kwa sarafu za 50, 100, 200 na 500. Hawezi kumdai mtu shilingi tatu. Kwa hiyo bei ya dirishani inabaki palepale mwaka huu, na mwaka ujao, na muuzaji au kampuni inameza tofauti, mpaka siku moja bei inaruka ngazi nzima ya sarafu. Nyongeza ndogo ndogo za kila bajeti hazimfikii mvutaji kabisa. Ushuru unaotaka kugusa uvutaji katika nchi ya moja moja lazima upangwe uwe mkubwa kiasi cha kuirusha bei ngazi moja ya sarafu kwa mara moja, na kurudia hivyo kabla mishahara na mfumuko wa bei havijaifuta ngazi hiyo. WHO inashauri kodi zote zifike angalau asilimia 75 ya bei ya rejareja. Sisi tuko mbali sana na hapo.

Najua litakalosemwa: tukipandisha, magendo yatafurika kutoka Tunduma. Hoja hiyo kampuni za sigara huitoa kila nchi, kila bajeti, kama wimbo wa shule. Tangu Januari 2019 TRA inataka pakiti za sigara zibandikwe stempu za kielektroniki, na mashine ya kuzikagua inaingia mfukoni. Kinachomwezesha mtu wa magendo kuuza bila wasiwasi ni hilihili dirisha la moja moja, ambako stempu haifiki. Anayeogopa magendo kwa dhati angekuwa wa kwanza kudai sigara iuzwe ndani ya pakiti iliyofungwa.

Kuna wanaosema tunakuza jambo. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 tu wanatumia tumbaku ya aina yoyote, pamoja na ugoro wa bibi zetu: wanaume asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2. Nchi nyingi zingeomba ziwe na tarakimu hizo. Lakini hao ni watu milioni 2.6, na mtengeneza sigara akiangalia nchi yenye vijana wengi hivi ambayo wengi wao bado hawavuti, hasomi afya njema, anasoma soko. Nchi zilizofika asilimia 40 na 50 kwa wanaume zilipita kwanza hapa tulipo. Sisi tuna nafasi ya kuizuia nyumba isiungue, kazi rahisi kuliko kuzima moto, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeiona kuwa ya haraka.

Na tumeshaweza mambo. Wenye umri wangu wanakumbuka mabasi ya Mbeya kwenda Dar ambamo abiria aliwasha sigara Igawa akamalizia Makambako, na mama mwenye mtoto mgongoni akafungua dirisha kimyakimya bila kuthubutu kusema. Leo jaribu kuwasha ndani ya hiace ya Uyole uone kama konda atakusubiri ufike kituoni. Shisha ilipigwa marufuku 2016, ikanyamaza, ikarudi kwa mlango wa nyuma kwenye kumbi. Hiyo ni habari ya wenye nazo, siku nyingine.

Kwa mkulima, jibu liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kaunti ya Migori, Kenya, tangu 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yakishirikiana na serikali yamekuwa yakiwahamisha wakulima wa tumbaku kwenda kwenye maharage yenye madini mengi ya chuma, wakipewa mbegu, mikopo na mnunuzi anayejulikana kabla ya kupanda. Maharage! Ni zao ambalo kituo cha utafiti cha Uyole, hapohapo juu ya Ilomba, kimelizalishia mbegu kwa miongo mingi, mpaka zingine zimebeba jina la Uyole. Chunya ni kukavu na kuna joto kuliko Uyole, kwa hiyo pengine zao la kule litakuwa ufuta au alizeti. Sababu ya mkulima kubaki na tumbaku haiko kwenye udongo. Tumbaku inakuja na pembejeo za mkopo na mnunuzi mwenye mkataba, na zao la chakula linakuja na dalali wa lumbesa. Anayetaka Chunya ibadilike ashindane na mkataba huo.

Mvutaji naye tumemwacha peke yake. Mwenye TB anajua dirisha la kwenda, mwenye virusi vya ukimwi ana kliniki na kadi. Anayetaka kuacha sigara huambiwa "acha tu, ni nia." Nia ni nzuri, lakini nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde zisizozidi ishirini tangu pafu la kwanza, na mwenye nia hupambana na hilo kila saa. Tangu 2009 vibandiko na bazoka za nikotini vimo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Zahanati ya kata ingeweza kuanza na kidogo zaidi ya hapo: swali moja kwenye kila kadi ya mgonjwa, "unavuta?", na dakika tatu za ushauri kwa anayesema ndiyo. Faida inahesabika. Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na mwaka 2004 wakaandika kwamba mvutaji wa maisha hupoteza wastani wa miaka kumi. Akiacha akiwa na miaka 60 anaokoa mitatu, akiacha na 50 anaokoa sita, na 40 anaokoa tisa, na 30 karibu yote. Kijana wetu wa bajaji bado yuko upande wa "karibu yote".

Sheria mpya ya bunge inaweza kuchukua miaka mingine. Halmashauri ya Jiji haihitaji kungoja Dodoma kwa kila kitu. Ina sheria ndogo, ina leseni za biashara inazozitoa na kuzihuisha kila mwaka, ina maafisa afya wanaopita madukani kukagua bidhaa zilizopitwa na wakati. Madiwani wangeanza na maduka yanayotazamana na mageti ya shule za Ilomba: leseni isihuishwe kwa duka linalouza sigara moja moja, na kiberiti cha kamba kitolewe dirishani. Mangi atalalamika, kwa haki, kwamba sigara ndiyo inayomletea mteja wa soda na vocha. Basi tuanze na maduka machache, tuhesabu kwa mwaka mmoja kama kweli soda zimelala, na takwimu hizo ziletwe kwenye kikao cha baraza kabla ya bajeti inayofuata.